Mgeni, Omba Jembe

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda Japani kusoma lugha, fomu ya shule itawauliza mnataka kukaa wapi: bwenini, chumba cha kupanga, au kwa familia ya Kijapani. Wengi huchagua bweni, kwa kuwa huko watawakuta wenzao na hakuna wa kuwauliza wamerudi saa ngapi. Nawasihi mchague familia. Na mkishapokelewa, msikubali kubaki wageni.

Mimi nilikaa Kobe, mji uliobanwa kati ya bahari na milima ya Rokko, katika nyumba ya baba, mama na bibi mmoja. Matamshi hayakunisumbua. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi zao karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wa Mswahili hauna shida nazo. Hata maneno utayasikia yanafanana, ingawa nani kwao ni “nini” na mimi ni “sikio”. Kilichonichelewesha ni heshima niliyopewa.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Japani siku ya tatu itapita, na ya thelathini pia, na jembe hutaliona. Utamiminiwa chai. Utaambiwa uoge wa kwanza. Ukishika sahani chafu utasikia ii yo, ii yo, yaani acha tu, na sahani itaondolewa mkononi mwako kwa upole. Ukiridhika na hali hiyo, utamaliza miezi unajua maneno ya mgeni peke yake: asante, samahani, chakula kitamu. Mlangoni kwenyewe tofauti inasikika. Mgeni akivua viatu husema ojama shimasu, samahani kwa usumbufu. Mtoto wa nyumbani husema tadaima, nimerudi, na aliye jikoni humjibu okaeri.

Bafu ndilo lililonifumbua macho. Huko mtu hukaa nje ya hodhi, akajisugua na kujisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo aingie kwenye maji ya moto kuupumzisha mwili. Maji yale ni ya nyumba nzima. Ukitoka unayafunika, anaingia mwingine. Wiki ya kwanza mimi nilichomoa kizibo, maji yakaenda yote, na bibi alikuwa hajaoga. Hakuna aliyenikemea. Nilisikia tu bomba likifunguliwa upya na mama akinong'ona na mkwewe. Kesho yake mwalimu ndiye aliyenieleza nilichokifanya. Ule ukimya uliniuma kuliko kosa lenyewe, kwani mtoto wao angeambiwa palepale. Jioni nikamwomba mama mambo mawili: anikosoe, na anipe kazi.

Akanipa kuosha mchele na kutoa taka. Msidhani taka ni jambo dogo. Kila aina ina mfuko wake na siku yake, na chupa ya plastiki huondolewa kifuniko na karatasi yake kwanza. Siku nilipoitupa na kifuniko chake, bibi aliita kutoka sebuleni: Akan! Ndiyo “haifai” ya watu wa Kansai, eneo uliko mji wa Kobe, na haimo katika kitabu cha darasani, kwa sababu darasani tulifundishwa Kijapani sanifu. Neno lile lilinifurahisha kuliko cheti. Tangu hapo nilikosolewa kila siku, na kila siku niliongeza maneno.

Mwishoni mwa baridi mama alinisimamisha jikoni tupike ikanago, samaki wadogo wembamba mfano wa dagaa, wanaochemshwa kwa mchuzi wa soya, sukari na tangawizi mpaka wakauke na kung'aa. Familia nyingi za Kobe huwapika na kuwatumia jamaa walio mbali. Miaka ya karibuni samaki hao wamepungua sana na bei imepanda, kwa hiyo sufuria ile ilikuwa na thamani. Kwa kawaida hutiwa mirin, pombe tamu ya mchele. Mama aliiacha, kwa kuwa nilikwishamwambia kwamba mimi ni Mwislamu.

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Semeni mapema, kabla ya kusafiri: nyama ya nguruwe, pombe ya mapishi, saa za sala, mzio, dawa mnazotumia. Mjapani hataudhika kuambiwa mapema. Ataumia akigundua kwamba mmekuwa mkilala na njaa kwa kumwonea haya. Na dini yenu si kitu kigeni kabisa huko. Kobe ina msikiti tangu 1935.

Karibu na mlango wa nyumba ile palikuwa na mkoba wenye maji, tochi na viatu vizito. Nilipoukuta, nilidhani ni wa safari. Baada ya miezi minne, tukikunja nguo, bibi alinisimulia alfajiri ya Januari 17, 1995, saa 11 na dakika 46, ardhi ilipotikisika na mji wake ukaanguka na kuwaka moto. Tetemeko lile liliua watu zaidi ya 6,400. Alitaja majirani mmoja mmoja. Kisha akanipeleka kwa miguu hadi shule ya msingi ambako mtaa wetu hukimbilia. Nanyi ulizeni mahali hapo wiki ya kwanza, msingoje miezi minne.

Zipo familia zisizofaa, sitawaficha. Wengine watataka uwafundishe Kiingereza usiku kucha. Zungumza nao kwanza. Ikishindikana, mwambie msimamizi wa shule akuhamishe, wala usione aibu.

Nanyi wazazi mliobaki nyumbani, wito unawahusu. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na wapo vijana wa Kijapani wanaokuja Zanzibar na Dar es Salaam kukiishi. Wapokeeni majumbani. Msiwawekee kijiko na soda kila siku kama wageni wa harusi. Mpeni kijana mbuzi akune nazi, mtumeni dukani, akikosea ngeli msahihisheni hapohapo. Mkimwonea huruma atarudi kwao na “hakuna matata” tu.

Na wewe unayefunga sanduku, iandikie familia yako barua leo, hata kwa Kijapani kibovu, uwaambie unataka kuwa mtoto wa nyumba. Kisha kariri sentensi hii kabla ya kupanda ndege, na uitumie jioni ya kwanza mara tu chakula kikiisha: tetsudawasete kudasai, naomba mniruhusu nisaidie.