Miaka 100 ya Reli ya Alaska: Mali ya Umma, Wajibu wa Umma

Reli ya Alaska ilitimiza miaka 100 mwaka 2023. Tarehe 15 Julai 1923, Rais Warren G. Harding aligongomea msumari wa dhahabu huko Nenana, kando ya Mto Tanana, na kuifungua rasmi njia ya kilomita 756 kutoka bandari ya Seward hadi mji wa Fairbanks. Treni zingali zinapita njia hiyo hiyo. Tunaipongeza reli hii, na tunawapongeza wananchi wa Alaska ambao leo ndio wenye mali.

Pongezi hizi zina sababu. Majimbo mengi ya Marekani yalifunguliwa na makampuni ya watu binafsi yaliyopewa ardhi na yaliyofuata faida. Alaska haikubahatika hivyo. Kampuni ya kwanza ilianza kutandika reli kutoka Seward mwaka 1903, ikafilisika. Iliyofuata nayo haikufika mbali. Milima, theluji na gharama viliyashinda makampuni hayo, na wateja walikuwa wachache mno. Sensa ya mwaka 1920 ilihesabu watu wapatao 55,000 tu katika eneo lote, ambalo ukubwa wake unazidi mara mbili ule wa Texas.

Pale faida iliposhindwa, serikali ilibeba mzigo. Tarehe 12 Machi 1914 Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria iliyoiruhusu serikali ya shirikisho kujenga na kuendesha reli yenyewe. Mhandisi Frederick Mears, aliyekuwa amefanya kazi ya reli huko Panama wakati wa ujenzi wa mfereji, alipelekwa kaskazini, na sehemu ya mitambo iliyotumika Panama ikamfuata. Gharama zilizidi makadirio ya mwanzo. Hata hivyo, kazi ilikamilika. Katika bonde la Hurricane lilijengwa daraja lililo mita 90 hivi juu ya kijito, na pale Nenana likajengwa daraja lenye urefu wa zaidi ya mita 200 bila nguzo yoyote mtoni.

Reli hii ilizaa miji. Mwaka 1915 watafuta kazi walipiga mahema kando ya kijito cha Ship Creek. Julai mwaka huo serikali ikapima viwanja na kuvinadi, na mji wa Anchorage ukaanza. Leo hakuna mji mkubwa kuliko huo katika jimbo zima.

Reli hii pia iliokoa maisha. Januari 1925, ugonjwa wa dondakoo ulipozuka katika mji wa Nome, dawa iliyopatikana katika hospitali moja ya Anchorage ilipakiwa kwenye treni hadi Nenana. Kutoka hapo waendeshaji 20 wa sleji za mbwa walipokezana mzigo huo kwa zaidi ya kilomita 1,000, na tarehe 2 Februari dawa ikafika. Dunia inawakumbuka mbwa. Nasi tunaikumbuka treni pia, kwa kuwa bila hiyo safari ya mbwa ingekuwa ndefu kupita kiasi.

Miaka kumi baadaye, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, familia zipatazo 200 kutoka Michigan, Minnesota na Wisconsin zilifika kwa treni hiyo hiyo kwenda kulima bonde la Matanuska. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mlima ulitobolewa handaki la kilomita nne ili reli ifike bandari mpya ya Whittier.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja Ijumaa Kuu ya tarehe 27 Machi 1964. Tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.2 liliitikisa Alaska kwa zaidi ya dakika nne. Gati za Seward ziliporomokea baharini, matangi ya mafuta yakawaka moto, na reli za chuma zikapindika. Wafanyakazi hawakusubiri. Ndani ya wiki chache treni za mizigo zilikuwa zinatembea tena, wakati sehemu nyingine za njia zikiendelea kujengwa upya.

Januari 1985 serikali ya jimbo iliinunua reli hii kutoka serikali ya shirikisho kwa dola milioni 22.3. Tangu hapo ni shirika la umma la Alaska, na gharama zake za uendeshaji hulipwa zaidi kwa mapato yake yenyewe. Waliosema kuwa shirika la umma haliwezi kujimudu wamejibiwa.

Heshima ya kweli haifichi deni. Julai 1915 machifu wa wenyeji wa bonde la Tanana walikutana mjini Fairbanks na James Wickersham, mjumbe wa Alaska katika Bunge la Marekani, wakaeleza hofu yao kuwa reli ingeleta walowezi na kuwanyang'anya ardhi waliyoishi vizazi na vizazi. Reli ilipita, walowezi wakaja. Sherehe ya miaka 100 haikamiliki bila kuwatambua wenyeji hao na kuwapa wazao wao sauti katika maamuzi ya miaka inayokuja.

Kazi iliyo mbele inajulikana. Ardhi iliyoganda tangu enzi inayeyuka na kutitia chini ya mataruma. Tawi la kwenda Port MacKenzie limekwama katikati ya ujenzi. Hadi leo behewa linalotoka majimbo mengine ya Marekani halifiki Alaska ila kwa tishali kupitia baharini. Mambo haya yanahitaji fedha, na yanahitaji wanasiasa wasioangalia uchaguzi ujao peke yake.

Lakini wajibu wa kwanza uko kati ya Talkeetna na Hurricane. Huko barabara haifiki. Mkazi hutoka kwenye nyumba yake ya magogo, husimama kando ya reli na kupunga kitambaa. Dereva hufunga breki, treni nzima husimama kwa ajili ya mtu mmoja, na vyakula vyake na mbao zake hupakiwa. Hesabu za kibiashara haziwezi kuitetea huduma hiyo. Reli ya umma hujengwa kwa ajili ya huduma kama hiyo.

Watalii wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Denali wakaribishwe, maana fedha zao ni nguvu ya shirika. Wasigeuzwe kuwa ndio wenye reli. Bodi ya shirika na bunge la jimbo wana wajibu wa kuilinda treni ya Hurricane, kuimarisha njia dhidi ya ardhi inayotitia, na kuikataa kila hoja ya kuwauzia watu binafsi kile ambacho watu binafsi walishindwa kukijenga. Umma uliijenga reli hii, umma uliinunua, na umma una haki ya kudai iendelee kuuhudumia kwa miaka 100 mingine.