Mgonjwa karudi na mpira puani, nani atamlisha?

Mwaka jana mama yangu mkubwa alipatwa na kiharusi. Alilazwa majuma mawili, kisha tukaambiwa tumchukue nyumbani. Hakuweza kumeza hata maji. Chakula chake kilipitia mpira mwembamba ulioingia puani hadi tumboni. Tulipewa sirinji moja kubwa na maneno machache mlangoni: mpeni uji mwepesi kila baada ya saa tatu. Basi.

Usiku wa kwanza binti yake alimlisha akiwa amelala chali. Akapaliwa, midomo ikabadilika rangi. Aliyetuokoa ni jirani, muuguzi mstaafu. Alitufundisha kumwinua mgongo kwa mito na kumwacha vivyo hivyo angalau nusu saa baada ya kula. Tuchuje uji, na tupitishe maji safi kwenye mpira kabla na baada ya chakula ili usizibe. Zaidi ya yote, tuangalie alama iliyotiwa kwenye mpira pale puani. Ikiwa imesogea, tusimlishe kitu ila turudi hospitalini, kwani huenda ncha imehama na chakula kikaishia mapafuni.

Sisimulii haya kuwalaumu wauguzi. Wadi zimejaa na mikono ni michache. Kinachokosekana ni mpango. Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, na kila msimu wa bajeti twasikia habari za majengo na mashine. Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na mjadala wote ukawa makato ya asilimia 2.75. Ni nani anayeuliza kinachompata mgonjwa akishavuka lango la hospitali?

Kwa maoni yangu, mambo matatu hayahitaji jengo jipya. Kwanza, mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mtu wa familia hajamlisha mwenyewe mbele ya muuguzi. Pili, apewe karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili, yenye nambari ya simu ya wadi. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanabisha hodi majumbani wakipima presha na sukari, wafunzwe kumkagua mgonjwa wa mpira.

Vilevile madaktari watueleze mapema kwamba mpira wa puani kwa kawaida ni wa wiki 4 hadi 6. Ikiwa mgonjwa bado hamezi, huenda akahitaji mpira unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo moja kwa moja. Familia inahitaji muda wa kuuliza gharama na kujipanga, si kushtukizwa.

Mama mkubwa sasa anakula uji kwa kijiko, alhamdulillahi. Lakini si kila mtaa una muuguzi mstaafu. Wawakilishi wadi wetu watakapokuja kuomba maoni ya bajeti, tuwaulize hili.