Kifaa Sikioni Hakifuti Lugha ya Mikononi

Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio, kumeota imani ambayo wazazi, walimu na hata wanasiasa huirudia bila kuihoji: mtoto kiziwi akishapasuliwa na kuwekewa kifaa, uziwi wake umekwisha, na lugha ya alama ni ya wale waliokosa fedha au waliochelewa kufika Dar es Salaam. Furaha iliyozaa imani hiyo naielewa. Kabla ya hapo Serikali ililazimika kuwapeleka watoto hao India, na hivyo ni wachache tu waliofikiwa. Kupongeza kazi ya madaktari ni haki yao. Kumwambia mzazi wa Bashay, kule Mbulu, kwamba aifiche mikono yake ili kifaa kifanye kazi, huko ni kumpotosha, na atakayelipa gharama ya upotoshaji huo ni mtoto.

Tuanze na kifaa chenyewe. Shimesikio hukuza sauti ili sikio dhaifu lizipate. Kifaa cha kupandikizwa hufanya jambo jingine: kinazipita seli zilizoharibika za koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, na kuuamsha mshipa wa fahamu kwa umeme, kupitia waya mwembamba wenye vituo vichache, kati ya kumi na viwili na ishirini na viwili hivi, mahali ambapo sikio zima lina maelfu ya seli. Sehemu ya nje, yenye kinasa sauti na betri, huvaliwa nyuma ya sikio, na huvuliwa usiku. Betri ikiisha, kifaa kikilowa au waya ukikatika, aliyekivaa ni kiziwi vilevile kama alivyokuwa jana. Upasuaji wenyewe ni mwanzo tu. Baada yake kifaa kinarekebishwa mara kwa mara, na mtoto anahitaji miaka ya mazoezi na mtaalamu wa usemi ili ubongo ujifunze kuzipa maana ishara hizo za umeme. Wapo wanaofika mbali hadi kuongea kwenye simu bila tabu. Wapo wanaoishia kutambua honi na mlango unaobishwa. Kabla ya upasuaji hakuna daktari awezaye kumhakikishia mzazi mtoto wake ataangukia kundi gani.

Sasa kiweke kifaa hicho Bashay. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo hii iko safari ya siku nzima au zaidi kwa basi. Mtoto aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo huenda koklea yake ikaanza kujaa mfupa ndani ya miezi michache, kwa hiyo muda wa kumpandikiza ni mfupi mno; na vijijini, ambako watoto wachanga hawapimwi masikio kwa kawaida, uziwi wa kuzaliwa nao huja kutambulika pale mtoto anapofikisha umri wa kuongea na haongei. Kisha lipo suala la lugha. Mbulu na Hanang ni mahali pa nadra Afrika: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti na Kiswahili cha Kibantu vinakutana sokoni, na Wahadzabe hawako mbali. Kiiraqw na Kidatoga hutumia toni, na udhaifu mmoja wa kifaa hiki unaojulikana ni kushindwa kupokea vizuri kupanda na kushuka kwa sauti. Mtoto anayefanya mazoezi kwa Kiswahili hospitalini atarudi kwa bibi anayemsemesha kwa Kiiraqw. Je, katika miaka hiyo ya kuhangaika, atafikiri kwa lugha gani?

Hapo ndipo imani ninayoipinga inapodhuru, kwa sababu inahesabu masikio na kusahau ubongo. Miaka ya mwanzo ya maisha ndiyo ubongo hujenga misingi ya lugha, na haujali kama lugha imeingia kwa sikio au kwa jicho. Mtoto anayekaa miaka mitatu akisubiri nauli, kibali, upasuaji na mazoezi, bila lugha yoyote anayoipata kikamilifu, hujeruhiwa jeraha ambalo kifaa hakiliponyi baadaye. Lugha ya alama humlinda katika kipindi hicho chote. Wala haimzuii kusema: mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Davidson, Lillo-Martin na Chen Pichler, walichapisha matokeo ya watoto wachache wenye kifaa waliolelewa na wazazi viziwi katika lugha ya alama tangu kuzaliwa, na Kiingereza chao kilikuwa sawa na cha watoto wanaosikia wa wazazi viziwi.

Mpinzani makini atajibu kwa methali: mshika mawili, moja humponyoka. Naye ana utafiti wake. Mwaka 2017 Ann Geers na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye kifaa ambao familia zao hazikutumia alama walisema na kusoma vizuri zaidi kuliko waliozitumia. Utafiti huo si wa kupuuzwa, ila tuusome vizuri. Wazazi wengi huendelea na alama kwa sababu usemi wa mtoto unasuasua. Ukiwalinganisha watoto hao na wale waliofanikiwa mapema, utaona matokeo ya kusuasua ukadhani ni matokeo ya alama. Tena, wengi wa wazazi hao wanaosikia walikuwa wakijifunza alama ukubwani, na maneno machache ya mikono bado si lugha kamili. Kuhusu methali, nani aijuaye kuliko watu wa Mbulu kwamba haihusu lugha? Mtoto wa Bashay huongea Kiiraqw nyumbani na Kiswahili darasani, na akifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Hakuna anayedai ulimi wake utapasuka.

Pingamizi la pili linatoka upande wa viziwi wenyewe, nalo lina historia nyuma yake. Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan uliamua kwamba shule za viziwi zitumie usemi peke yake, na vizazi vikafungwa mikono. Iliwachukua waandaaji wa mikutano hiyo hadi mwaka 2010, huko Vancouver, kutamka majuto. Mwaka 1991 chama cha taifa cha viziwi cha Marekani kilipinga vikali kuwapandikiza watoto kifaa, kikiona Milan inarudi ikiwa imevaa koti jeupe, ingawa kufikia mwaka 2000 kililegeza msimamo. Hofu hiyo naiheshimu. Hata hivyo, kiziwi anayemwita mtoto mwenye kifaa msaliti amekubali bila kujua hoja ya anayempinga, yaani kwamba kifaa humtoa mtu katika uziwi. Hakimtoi. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo jumuiya ya viziwi haijawahi kuishi kwa kurithishana damu. Imeishi kwa lugha, iliyokua mabwenini katika shule kama ile ya Tabora iliyofunguliwa 1963, na kwa vyama kama CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Anayeifunga milango ya jumuiya hiyo kwa sababu ya waya ulio sikioni anaipunguzia wasemaji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inazitaka nchi kurahisisha kujifunza lugha ya alama na kukuza utambulisho wa kilugha wa jumuiya ya viziwi. Haisemi kwamba mtoto mwenye kifaa hahusiki. Basi kila mzazi anayepangiwa tarehe ya upasuaji apangiwe pia mwalimu wa lugha ya alama, ikiwezekana kiziwi mtu mzima, na masomo yaanze kabla ya kisu. Fedha za mwalimu huyo ni kidogo mno ukizilinganisha na mamilioni ya kifaa, na kazi yake haihitaji betri. Naye mtoto wa Bashay ambaye zamu yake ya Muhimbili haitafika kamwe atamkuta mwalimu huyohuyo akimsubiri.