Tabaka jembamba, somo zito

Mnamo Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, serikali ya Marekani ilitangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza barani Afrika kufaidika na hazina itokanayo na sheria yake ya mwaka wa 2022 kuhusu semikondakta. Wengi walishangilia. Mimi nauliza: je, tumejiandaa?

Semikondakta haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Silikoni ni mfano wake. Thamani yake huonekana inapotiwa chembe chache mno za elementi nyingine: fosforasi huiongezea elektroni, boroni huiachia mapengo. Tabaka la namna hiyo, jembamba kuliko unywele, hujengwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa ili uchafu usiliharibu.

Asidhani mtu kwamba elimu hii ni ya wenye viwanda vya mabilioni pekee. Mwaka wa 1975, Walter Spear na Peter LeComber wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha kwamba hata silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele yaweza kutiwa chembe hizo. Walipitisha umeme katika gesi ya sileni yenye shinikizo dogo, iliyochanganywa na gesi kidogo yenye fosforasi au boroni. Wataalamu wengi walikuwa wameamini kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwaka uliofuata, watafiti wa kampuni ya RCA huko Marekani walitangaza seli za jua za silikoni hiyo.

Sisi tulikutana na matunda ya kazi hiyo madukani. Katika miaka ya 1990, maelfu ya Wakenya wa mashambani walinunua paneli ndogo za tabaka hilo, zenye wati kama 12, wapate kuwasha taa na televisheni. Baadhi zilikuwa nzuri, nyingine hafifu, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha. Isitoshe, paneli hizo hupungukiwa na nguvu katika miezi ya kwanza ya kupigwa na jua, kasoro iliyojulikana tangu 1977. Ni wauzaji wangapi waliomweleza hayo mkulima aliyeuza mbuzi wake ili anunue nuru?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Taifa lisiloweza kulitengeneza tabaka wala kulipima hupokea lolote liletwalo. Fedha za ufadhili zikiishia katika majengo na makongamano, tutabaki wanunuzi wale wale. Serikali haina budi kuvipa vyuo vikuu vyetu pampu, gesi, umeme usiokatika na mafundi wa kuitunza mitambo, ili wanafunzi wajifunze kwa mikono yao wenyewe. Nalo shirika la kukadiria ubora wa bidhaa liwe na maabara zinazotosha kumlinda mnunuzi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ahadi ya Washington yaweza kubadilika kila uchaguzi wao unapopita. Fundi aliyefunzwa Nairobi au Nyeri atabaki nasi.