Historia ya Maradhi Ina Mahali Pake Darasani

Mwanafunzi wa Kate, katika nyanda za juu za Ufipa, akifundishwa kuwa malale huenezwa na mbung'o, amepata nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kujua jamii ilitendewa nini ugonjwa ulipoingia, nayo jamii ikatenda nini. Hiyo ni kazi ya somo la historia.

Mifano haiko mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilienea katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Serikali ya Kijerumani ilifyeka vichaka, ikawakusanya wagonjwa kambini na kuwadunga atoksili, dawa yenye aseniki. Robert Koch aliitumia katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Mwanafunzi ajuaye haya hatawaita wajinga wazee waliozikimbia kambi hizo.

Wakati huohuo, huko Karema, alikuwapo tabibu Mwafrika, Adrian Atiman. Alitekwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Basi si kweli kwamba tiba ya kisasa ililetwa na Wazungu peke yao.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Zamani walikuwa wameamriwa. Safari hii walielezwa kwanza. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe.

Wako watakaosema kwamba mitaala imekwisha kujaa. Lakini halihitajiki somo jipya. Anayefundisha utawala wa kikoloni na afundishe pia kambi za malale. Anayefundisha ujenzi wa Taifa asiiache kampeni ya 1973. Wanafunzi nao wawaulize wazee wao jinsi maradhi yalivyokabiliwa zamani, kisha walinganishe majibu na maandishi.

Maradhi mapya yatakuja, na mganga atafika kijijini na sindano mkononi. Aliyefundwa historia hii atauliza dawa ilijaribiwa wapi na ina madhara gani. Akijibiwa kwa ukweli, ataipokea kwa hiari. Asiyefundwa atabaki kati ya kutii kwa woga na kukimbia kwa uvumi, na njia zote mbili zimekwisha kutugharimu maisha ya watu.