Ubunifu Haushuki Kama Radi

Wasomi wenzangu, kuna maneno nayasikia mno hapa shuleni: "Mimi si mbunifu." Eti ubunifu walizaliwa nao wachache, nasi wengine kazi yetu ni kukariri tu. Napinga!

Mwaka wa 1926 Mwingereza Graham Wallas aliandika kwamba wazo jipya hupitia hatua nne. Kwanza mtu hulichunguza tatizo. Kisha huliacha lilale akilini, kama yai chini ya kuku. Halafu wazo humjia, na mwisho hulijaribu aone kama lafaa. Wasanifu wa siku hizi wamesisitiza jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: muulize atakayekitumia kitu kabla hujakitengeneza.

Tazama Thimlich Ohinga kule Migori, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Wazee walioijenga, yapata miaka 500 iliyopita, hawakutumia saruji wala udongo wa kushikanisha. Walikuwa na mawe tu, tena yasiyochongwa. Waliyapanga nje na ndani, katikati wakajaza madogo, yakashikana. Kuta nyingine zapita mita 4 na hadi leo zimesimama. Malango wakayafanya mafupi: adui akiinama kuingia, atapigana vipi? Hapo naona watu waliomfikiria adui, ng'ombe na mtoto, wote kwa pamoja. Nami siamini kwamba ukuta wao wa kwanza haukuanguka.

Sasa njoo ufuoni hapa kwetu Homa Bay. Kina mama wengi huanika omena chini, juu ya nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha, hasara. Vichanja vya kuanikia vipo, lakini je, mama ameulizwa? Kimo kinamfaa? Akiona wingu, atawahi kukifunika akiwa na mtoto mgongoni?

Maswali haya hayamo katika karatasi za mtihani. Sisi huamka saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ni tuisheni. Hilo yai la Wallas litaanguliwa lini, jamani?

Walimu wetu wapendwa, sisemi tuache vitabu. Bila masomo hata hatua ya kwanza hatuifikii. Naomba Jumamosi moja tu kwa mwezi. Twende ufuoni, tuketi na kina mama, turudi tuwaze. Tupigilie kichanja cha mbao, kikivunjika tutengeneze kingine.