Dau la mnyonge laweza kwenda joshi: Funzo la mashua za Lamu

WAHENGA walisema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani halimudu kusafiri kuelekea upepo utokako. Atakaye kuipima methali hii na asimame ufuoni Lamu siku ya mashindano ya mashua, mojawapo ya vivutio vikuu vya Tamasha la Utamaduni lililoanzishwa mwaka wa 2001.

Kufuata upepo si kazi. Ugumu huja mashua zinapogeuka kuukabili. Hakuna tanga liwezalo kuuendea upepo moja kwa moja. Nahodha hana budi kubisha: aelekee upande huu, ageuze tanga, aelekee upande ule, huku mabaharia wakikalia ubao uliochomoza nje ya ubavu ili chombo kisipinduke. Mtazamaji mgeni hudhani wamepotea njia, kumbe wanasonga. Ujasiri hapa si kupiga kifua, bali ni kuusoma upepo, kuaminiana na kutochoka kugeuza.

Funzo hilo wavuvi wa Lamu wamelihitaji nchi kavu pia. Utekaji nyara wa watalii mwaka wa 2011 uliathiri vibaya utalii, na kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa sababu za usalama. Juni 2014, wavamizi waliua makumi ya watu Mpeketoni na vijiji jirani. Aidha, ujenzi wa bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ulivuruga maeneo ya uvuvi.

Hata hivyo, wakazi hawakukunja tanga. Kesi waliyowasilisha mwaka wa 2012 iliamuliwa 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi ilipoagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Malipo hayo nayo yakavutana kwa miaka.

Hapo ndipo penye onyo. Ni rahisi kwa kiongozi kusimama jukwaani akasifu ustahimilivu wa wananchi, kana kwamba sifa ni badala ya haki. Baharia hushindana na upepo kwa kuwa haukuumbwa naye. Ucheleweshaji wa fidia ni kazi ya binadamu, na binadamu aweza kuukomesha.

Methali ile humalizia kwamba dau hilo likienda joshi, ni Mola kupenda. Ni kweli, lakini Lamu huonyesha kwamba mikono ya mabaharia nayo imo.